Ukambi Ukiingia Nyumbani: Mwongozo wa Kuuguza Watoto Hapa Amu

Ukambi (wengine huita surua) hauji na vipele, huja na mafua. Mtoto anarudi kutoka chuoni (madrasa) macho mekundu, kamasi zamtiririka, kikohozi kikavu na homa, bibi yake asema ni upepo wa kaskazi tu mpakeni mafuta kifuani, kesho yake akipata nafuu kidogo anarudishwa chuoni kukaa mkeka mmoja na wenzake thelathini. Siku ya tatu au ya nne ndo vipele vinachomoza nyuma ya masikio, vinashuka usoni, kifuani, mpaka miguuni, na hapo sasa nyumba nzima inashtuka na mtoto anafungiwa ndani. Umechelewa shoga. Mwenye ukambi huambukiza tangu siku nne kabla vipele havijatoka mpaka siku nne baada ya kutoka, kwa hivyo nusu ya kazi ugonjwa umeshaifanya nanyi bado mwasema ni mafua.

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, napita nyumba kwa nyumba huku mtaa wa Langoni, mjini Amu (Lamu), na mara nyengine navuka mpaka mtaa wa Wiyoni, na maswali ninayoulizwa ni yale yale, kwa hivyo nimeona niandike yote pahali pamoja mtu akitaka ampelekee mwenzake.

Lakini kwanza niwape kisa cha wazungu, manake ndicho kilichonibadilisha mawazo. Wakati nasoma mafunzo ya kazi hii nilikutana na habari za mji wa viwanda vya sufu kaskazini mwa Uingereza, unaitwa Huddersfield. Mwaka 1904 meya wao Benjamin Broadbent aliahidi kwamba mtoto atakayezaliwa mtaa wa Longwood akitimiza mwaka mmoja yu hai, atapata pauni moja. Halafu mji ukawa watoa shilingi moja kwa mtu wa kwanza kuleta habari ndani ya saa 48 kwamba nyumba fulani kumezaliwa mtoto, na baadaye daktari mwanamke anakuja kubisha hodi, na baada yake wanawake wa kujitolea wanapita kuangalia mtoto anyonyeshwaje. Nikasema kumbe mimi kazi yangu ilianza kitambo! Ila fikirieni walikuwa na nini mkononi. Chanjo ya ukambi haikuwepo, ilikuja 1963. Antibiotiki hakuna. Maji ya chumvi na sukari ya kuokoa mtoto anayeharisha hakuna aliyeyajua. Walichokuwa nacho ni kujua mapema mtoto yuko nyumba gani, basi. Sisi dawa tunazo na bado kwenye hilo la kujua mapema twashindwa, manake twaficha.

Sasa tuanze. Mtoto ana mafua na homa kali, na umesikia mtaani kuna ukambi. Mkalishe mlangoni penye mwangaza, washa tochi ya simu, mwambie afungue mdomo na uvute shavu kwa kidole, uangalie upande wa ndani karibu na magego. Ukiona vidoadoa vyeupe vidogo kama chembe za chumvi vimetua juu ya nyama nyekundu, huo ni ukambi na vipele vyaja kesho au keshokutwa. Daktari mmoja wa New York, Henry Koplik, ndiye aliyeeleza alama hiyo mwaka 1896, na hadi leo hakuna mashine inayoishinda kwa bei. Mimi nimeviona mara mbili tu kwa macho yangu, mara moja kwa mtoto wa dada yangu, alikuwa analia kwa hivyo mdomo ulikuwa wazi wenyewe, wallahi ni kama mtu kamrushia chumvi ya mezani. Havikai sana, siku mbili tatu vinapotea, kwa hivyo usipoviona usiseme basi si ukambi. Na kwa ngozi zetu vipele vyenyewe wakati mwengine havionekani vyekundu, pitisha kiganja kifuani mwa mtoto utahisi mkwaruzo kama msasa.

Hapo hapo, kabla hujaweka hata maji jikoni, sema. Mpigie maalim wa chuo, mwambie jirani mwenye mtoto mchanga, mwambie yule mwenye mimba, na upige simu kliniki. Najua aibu, najua mtu anaogopa maneno na jicho, lakini kuna sababu ya haraka: mtoto aliyekaa na mgonjwa na hajachanjwa, akichanjwa ndani ya saa 72 chanjo yaweza kuuwahi ugonjwa. Saa 72 ni siku tatu. Ukikaa kimya siku mbili ukingoja uhakika, umekula muda wa mtoto wa mwenzako.

Waingereza nao walifanya kosa hili hili. Walikuwa na sheria ya 1889 ya kuwalazimisha madaktari na wenye nyumba kuripoti magonjwa ya kuambukiza, mwanzoni kila mji ulijiamulia, mwaka 1899 ikawa lazima nchi nzima, kwenye orodha kuna ndui, dondakoo, homa ya matumbo, na ile homa nyekundu ya koo wanayoiita scarlet fever. Ukambi na kifaduro havikuwemo! Na ndivyo vilivyokuwa vinaua wadogo kwa wingi. Watu walivichukulia ni magonjwa ya utoto tu, kila mtoto lazima apitie. Juu ya hapo shule nyingi zilikuwa zatoa medali kwa mtoto asiyekosa hata siku moja, mtoto anakohoa mama anamsukuma aende asije akakosa medali, anakwenda kuwagawia darasa zima.

Nami sina haki ya kuwacheka. Miaka kadhaa nyuma kwetu kulikuwa na harusi na wiki ile ile mwanangu akatoka tetekuwanga. Vipele vichache tu mgongoni. Nikampaka poda, nikamvisha kanzu ya mikono mirefu, nikaenda naye mpaka kwenye kupamba, na yeye mashallah kwa kupenda sifa akapanda mapajani mwa bi harusi kupigwa picha. Kwenye siku ya kumi na tano hivi bi harusi akatoka vipele uso mzima, ndoa bado mbichi. Watoto wa nyumba tatu wakafuata. Na kulikuwa na shemeji yangu ana mimba ya miezi minne, mwezi mzima sikulala nikiomba Mungu asipate (hakupata, alikuwa ameugua utotoni). Mpaka leo zile picha nikiziona naona haya.

Baada ya kusema ni kutenga. Nyumba zetu zina shida yake, zimebanana, ghorofa ya huyu imeshika ukuta wa yule, wikio, lile daraja la nyumba kwa nyumba, umepita juu ya kichochoro watoto wanatoka nyumba hii wanaingia ile bila kukanyaga chini, na hewa ya ukambi hubaki chumbani mpaka saa mbili baada ya mgonjwa kutoka. Lakini nyumba ya zamani ina sabule, chumba cha wageni kilichojitenga, na kama hakuna mgeni basi mgonjwa ndiye mgeni. Kama ni nyumba ya vyumba viwili, mgonjwa akae penye dirisha, mlango unaoingia ndani ufungwe, wadogo walale upande wa pili, na anayemuuguza awe mmoja aliyekwisha kuugua ukambi au kuchanjwa. Hesabu siku nne tangu vipele kutoka, siku ya kwanza ya vipele usiihesabu. Tetekuwanga ni mpaka kila kipele kiwe kimekauka kigaga. Matumbwitumbwi ni siku tano tangu shavu livimbe. Kifaduro ndicho kirefu, wiki tatu bila dawa, siku tano akianza antibiotiki.

Mtu akikwambia siku nne ni nyingi mwambie habari za scarlet fever huko Uingereza enzi hizo. Mtoto alichukuliwa na gari la farasi akapelekwa hospitali ya kutengwa nje ya mji, akakaa wiki sita au zaidi wakingoja ngozi imalize kubambuka. Mama haruhusiwi kuingia, anasimama nje ya dirisha anapunga mkono. Kila mgonjwa alipewa namba, na gazeti la mji likawa latoa orodha ya namba, fulani hali mbaya, fulani anaendelea vizuri, mzazi anasoma namba ya mwanawe gazetini. Mwanasesere aliyepelekwa hakurudi, alibaki huko. Na baada ya yote hayo wengine walirudi nyumbani na wiki ile ile ndugu yao anaugua, manake bado walibeba vijidudu kooni au puani na ngozi iliyokuwa inabambuka haikuwa na kosa. Kwa hivyo kutenga kwafaa, ila lazima ujue unatenga siku zipi na kwa nini, si kumfungia mtoto kwa hofu.

Upande wa moshi nitagombana na mama zangu. Wazungu walikuwa wanatundika shuka lililoloweshwa dawa kali ya kaboliki mlangoni mwa chumba cha mgonjwa, na akipona au akifa maofisa wanakuja kuziba madirisha kwa karatasi na kuchoma kiberiti cha unga (salfa) ndani, moshi unajaa, na ukambi wenyewe umeshakwenda zake na mafua ya mtoto wa jirani. Sisi twachoma ubani na udi. Harufu nzuri sikatai, chomeni ukumbini wageni wakija, lakini si chumba cha mtoto ambaye mapafu yake yamevimba kwa ukambi. Fungua dirisha. Upepo wa bahari ni bure na ndio unaofukuza, hata kama ni usiku, mfunike leso miguuni lakini dirisha liwe wazi.

Kulisha sasa. Kuna nyumba mtoto wa ukambi anakatazwa samaki, anakatazwa mafuta, haogeshwi, anapewa chai ya rangi tu ati vipele vitoke vyote. Vipele vitatoka hata ukimpa biriani. Ukambi hula akiba ya vitamini A mwilini, na vitamini A ikiisha ndipo jicho linapoharibika na mtoto anabaki kipofu. Kwa hivyo mpeleke kliniki apewe matone ya vitamini A siku mbili mfululizo, wa mwaka mmoja na zaidi hupewa yuniti 200,000 kila siku, wa miezi 6 hadi 11 hupewa 100,000, chini ya hapo 50,000, na jicho likiwa tayari limeguswa hupewa dozi ya tatu wiki chache baadaye. Nyumbani mpe maembe, papai, mboga ya mchicha iliyotiwa tui, samaki mchemsho umtoe miiba, anyonye kila anapotaka. Mwanga ukimuumiza punguza pazia. Macho yaoshwe kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa na kitambaa safi, kila jicho na kitambaa chake, na tafadhali sana, usitie jichoni kitu chochote ulichosaga, wala majani, wala maziwa, wala asali. Kuna macho yamepotea kwa dawa na si kwa ukambi.

Kombe simkatazi mtu. Zafarani, marashi, aya kwenye sahani nyeupe, mtoto anywe na iwe kheri, mimi mwenyewe wanangu wamekunywa. Maji yake tu yawe yamechemshwa, na maalim mwenyewe akiwa mtu wa busara atakwambia nenda na hospitali.

Homa mpe panado ya maji kwa uzito wake, milligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya muda wa saa sita, usizidishe mara nne kwa siku. Aspirini usimpe mtoto, hasa wa tetekuwanga, yaweza kumdhuru ubongo na ini. Na homa bila vipele usiseme ni ukambi unakuja, pima malaria kwanza.

Kinachoua kwenye ukambi mara nyingi ni pafu. Kwa hivyo jifunze kuhesabu pumzi, hiki ni kitu kimoja ninachomfundisha kila mama mpaka akiweze mbele yangu. Mtoto awe ametulia, bora amelala. Inua shati uone tumbo na kifua. Weka saa ya simu dakika moja kamili, usihesabu nusu ukazidisha mara mbili, hesabu kila tumbo linapopanda. Chini ya miezi miwili ikifika 60 ni mbio. Miezi 2 hadi 11, 50. Mwaka mmoja hadi mitano, 40. Angalia pia chini ya mbavu, akivuta pumzi pakibonyea kwa ndani hapo usingoje asubuhi. Vile vile akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akishikwa na degedege, akilegea hata kuamka hataki, au mdomo umejaa vidonda hawezi kumeza, na ukiona ukungu kwenye mboni ya jicho. Wa mjini ni mwendo wa miguu au mkokoteni, lakini mlioko Pate au Siyu ambako boti yangoja maji yajae, nyinyi dalili ya kwanza tu ulizeni nahodha maji yanajaa saa ngapi. Mtoto anayehema mbio saa kumi jioni na maji yanapwa hangoji mpaka alfajiri, huyo mpelekeni zahanati ya karibu akaanzishiwe dawa huku mkitafuta chombo.

Kifaduro nitakisema kwa sababu ya punda. Waingereza wa zamani, watu wazima na akili zao, walikuwa wanampitisha mtoto wa kifaduro chini ya tumbo la punda mara tisa apone. Wengine wakampeleka kiwanda cha gesi avute mvuke wa lami. Nilipolisoma hilo la punda nilicheka peke yangu, nikasema hapa Amu, punda walivyojaa, tungekuwa hatuna kifaduro hata kimoja. Ukweli ni kwamba kikohozi chake huja kwa mafungu, mtoto anakohoa mpaka pumzi zinamwisha halafu anavuta hewa kwa mlio mkali, mara nyingi anatapika. Mkubwa atateseka tu miezi. Hatari ni mchanga chini ya miezi sita, huyo pengine hakohoi hata kidogo, anaacha tu kupumua na anabadilika rangi ya midomo. Mkubwa akikohoa hivyo, mchanga asilale chumba kimoja naye hata usiku mmoja.

Na kuharisha. Kiangazi cha 1911 Uingereza kulikuwa na joto ambalo hawajalizoea, na kati ya kila watoto 1000 waliozaliwa Uingereza na Wales mwaka ule 130 walikufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja, mwaka wa pili kiangazi kikapoa wakawa 95. Wengi wa waliozidi walikufa kwa kuharisha. Miji ilikuwa imejaa farasi, mavi ya farasi yamejaa nzi, nzi wanatoka pale wanatua kwenye maziwa, na maziwa yenyewe yako kwenye chupa yenye mpira mrefu ambao hauoshwi ukatakata hata ufanyeje. Aliyenyonya ziwa la mama alisalimika zaidi. Badala ya farasi weka punda, utaona natoka wapi. Asubuhi ukitoka mlangoni unaruka mavi ya punda, jikoni kuna uji wa mtoto umeachwa wazi. Funika. Kikombe na kijiko badala ya chupa, manake kikombe chaoshwa mpaka ndani. Na akiharisha mpe zile pakiti za maji ya chumvi na sukari, soma pakiti ni ya nusu lita au lita nzima, ukikosa pakiti lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi, koroga, akinywa apewe kidogo kidogo kwa kijiko, akitapika ngoja dakika kumi uanze tena. Zinki pia, milligramu 20 kwa siku, chini ya miezi sita 10, siku kumi hadi kumi na nne hata kama ameacha kuharisha. Dafu si mbaya ila si badala yake, chumvi yake ni ndogo.

Tetekuwanga kata kucha, ogesha maji ya baridi kidogo, majani ya mwarobaini kwenye maji ya kuoga sina neno, lakini mtoto mdogo asinywe mwarobaini wala mafuta yake.

Chanjo mnajua, fungueni kile kitabu cha kliniki, ya ukambi ni miezi 9 na tena 18, na wengi mnarudi kwa ya kwanza ya pili mnaisahau. Ya dondakoo na kifaduro iko ndani ya zile sindano za wiki 6, 10 na 14. Na wale mnaosema magonjwa haya ni ya Mungu hayamalizwi, mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida alikuwa mwenzetu wa pwani hii hii, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merka huko Somalia, Oktoba 1977. Waliokuwa karibu naye walitafutwa mmoja mmoja wakachanjwa, na ndui ikaishia hapo. Yeye akapona, na baadaye akawa akipita majumbani kuhimiza chanjo ya polio mpaka alipofariki 2013.

Jambo moja la mwisho ambalo watu huniuliza mlangoni nikiwa nishavaa viatu: arudi chuoni lini? Andika kwa kalamu ukutani tarehe ya vipele, mimi huandika kwenye kalenda ya duka iliyoko jikoni, ongeza siku nne, siku ya tano akiwa hana homa aende. Ila akirudi usimhesabu amepona kabisa. Ukambi hufuta kumbukumbu ya mwili ya magonjwa aliyokwisha kuyashinda, kwa hivyo wiki na miezi inayofuata atashikwa na kila kikohozi kinachopita, mwongezee mlo mmoja kwa siku, na homa yoyote mpya nipigie mimi au umpeleke, usiseme ni mabaki ya ukambi.